Uwanja Mdogo wa Kioo cha Kompyuta

Mkulima wa Ihanja mwenye turubai moja hawezi kuanika alizeti yake yote kwa siku moja. Huanika sehemu, nyingine akaiacha maguniani ikisubiri zamu. Kompyuta nayo ina shida hiyohiyo: habari zilizomo ndani yake ni nyingi, lakini uwanja wa kuzionyesha ni mdogo.

Kioo cha kompyuta kimegawanyika katika nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Kompyuta nyingi za kubebeka zina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 1,049,088. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na 512 kwa 342 tu. Hata hivyo nafasi haitoshi, kwa sababu jina la dirisha, orodha ya amri, vitufe na ukanda wa chini vyote hulala kwa upana na kula kimo. Vikichukua nukta 250 kwa pamoja, karibu theluthi ya kimo imekwisha kabla ya kuandikwa neno moja. (Waliotafsiri Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa na mzigo wa ziada: amri ya Kiswahili mara nyingi ni ndefu kuliko ya Kiingereza.)

Hasara yake si usumbufu tu. Tuseme mwalimu wa sekondari huko Ihanja anaingiza alama za wanafunzi 60 katika masomo 9. Majina yamo katika safu ya kwanza. Afikapo somo la nane, jedwali limesogea kushoto na majina yametoweka. Akiruka mstari mmoja, alama 71 ya mwanafunzi wa 34 itaandikwa kwa wa 35, na wote wanaofuata watapewa alama za wenzao. Kompyuta hailalamiki, kwake 71 ni namba halali popote iwekwapo.

Dawa yake ni ya zamani. VisiCalc ya mwaka 1979 ilikuwa na jedwali la safu 63 na mistari 254, ilhali kioo cha Apple II kilionyesha mistari 24 ya herufi 40. Watungaji wake, Dan Bricklin na Bob Frankston, waliweka amri ya kushikilia vichwa mahali pamoja. Kwa kawaida programu hutunza namba ya safu ya kwanza inayoonekana, na kila usogezapo jedwali namba hiyo hubadilika. Safu iliyoshikiliwa haifuati namba hiyo. Huchorwa palepale daima. Amri hiyo ingali imo katika programu za majedwali za leo, na kwa maoni yangu ingestahili kufundishwa kabla ya rangi na mapambo.

Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card wa Xerox walieleza njia nyingine: kugawa madirisha katika vyumba, kila kazi na chumba chake, nacho kioo kikaonyesha chumba kimoja kwa wakati. Mifumo mingi ya leo inayo.

Dirisha likizidi kimo cha kioo, kitufe cha kukubali hujificha chini. Katika Windows, shikilia Alt, bonyeza kitufe cha nafasi, chagua amri ya kusogeza, kisha tumia mishale. Kupunguza ukubwa wa herufi huongeza nafasi pia, ila kwa kiasi: mwalimu anayekodoa macho huweza kusoma 3 akadhani ni 8.