Kuhamia Nakuru: Kodi Hushuka, Oda Hubaki Nairobi

Katikati ya jiji la Nairobi, duka lililokuwa la mfanyabiashara mmoja sasa limekatwa vibanda vya upana wa hatua mbili tatu. Kuanzia Luthuli hadi River Road na Nyamakima, muuza simu hukaa bega kwa bega na muuza viatu, na mara nyingi kila mmoja wao, kabla ya kupanga bidhaa yake ya kwanza, amemlipa aliyemtangulia pesa za kuachiwa nafasi, pesa ambazo hazirudi. Benki, kampuni za bima na mawakili wengi walikwishaanza safari yao zamani: kwanza Upper Hill, kisha Westlands na Kilimani, wakitafuta maegesho na majengo mapya. Sasa watu wa ofisi ndogo ndogo za upande huo wa magharibi wanazungumzia hatua ya tatu, ya kuliacha jiji kabisa na kwenda Nakuru, Eldoret au Kisumu.

Nakuru hutajwa zaidi kwa kuwa iko karibu, kilomita kama 160 kwa barabara. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, baada ya sheria ya miji kurekebishwa mwaka 2019 na kiwango cha chini cha wakazi kushushwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Sensa ya mwaka huohuo wa 2019 ilihesabu watu 570,674 mjini Nakuru, 475,716 Eldoret na 397,957 Kisumu. Nairobi ilikuwa na karibu milioni 4.4.

Faida ya kwanza huonekana siku ya kulipa kodi. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala Kilimani au Kileleshwa mara nyingi hupita shilingi 60,000 kwa mwezi. Naka, Kiamunyi au Section 58 mjini Nakuru, nusu ya pesa hizo kwa kawaida hutosha kupata nyumba nzuri, wakati mwingine yenye ua wa watoto kuchezea. Faida ya pili ni saa. Anayepanda matatu namba 46 kutoka Kawangware au 111 kutoka Ngong anajua asubuhi inavyoliwa na msongamano. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imemfaa mwenye pesa za kuilipia. Walio chini yake kwenye Waiyaki Way bado wanasubiri. Kwa mtu anayeuza ujuzi wake, kama mhasibu, mchoraji ramani za nyumba au mtengenezaji wa programu, saa mbili zinazopotea barabarani kila siku ni kazi ambayo haikufanyika na haitalipwa.

Wengi wanaopiga hesabu ya kuhama huishia hapo, na hapo ndipo hesabu huharibika. Kodi ya Nairobi si bei ya kuta na paa peke yake. Mwenye ofisi Kilimani analipia pia kuwa karibu na anayetoa kazi: meneja wa ununuzi aliye Westlands, mkubwa wa wizara aliye katikati ya jiji, shirika la kimataifa lililo Gigiri. Takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, huonyesha kuwa Nairobi peke yake huchangia zaidi ya robo ya pato la taifa. Nakuru, ambayo ni miongoni mwa kaunti zinazoifuata kwa ukubwa wa uchumi, huchangia kama asilimia 5. Pengo hilo ndilo linalomrudisha mchapishaji wa mabango au mpishi wa sherehe aliyehama kwa matumaini: nyumba ameipata kwa nusu ya bei, lakini simu za wateja zinauliza kama anaweza kufika Upper Hill kesho saa tatu.

Historia ya maduka ya jumla na rejareja nchini inalionyesha jambo hili wazi zaidi kuliko takwimu yoyote. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru. Naivas, Tuskys na Quickmart nazo zilianzia katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nakuru. Eneo moja la Bonde la Ufa liliwalea wafanyabiashara walioifundisha Kenya kununua unga, sabuni na mkate chini ya paa moja. Walipokua, makao yao makuu yalihamia Nairobi. Huko ndiko walikopata mikopo mikubwa ya benki na mikataba na viwanda, na huko ndiko wenye majengo walikowagombania kama wapangaji. Nakumatt ilipoanguka, rafu zikabaki tupu mwaka 2017 na wadai wakakubali ifungwe mwaka 2020, maamuzi yote ya maisha na kifo chake yalifanywa Nairobi. Nakuru ilikuwa na uwezo wa kuzaa kampuni hizo. Haikuwa na mtu wa kutia sahihi mkopo wa kuzikuza, na kwa kiasi kikubwa bado hana makao huko. Meneja wa tawi la benki katika mji wa kadiri hupokea maombi. Ombi likiwa kubwa, hulipeleka makao makuu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba hati ya jiji ni mwanzo wa uchumi mpya. Hati huleta bodi ya jiji na matumaini ya bajeti. Oda hailetwi na hati. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 ulifanya zaidi, kwa sababu ulileta ofisi zenye pesa za kununua vitu: dawa, samani, mafuta ya magari, huduma za kompyuta. Mfanyabiashara aliyehamia Nakuru, Eldoret au Kisumu miaka ile akiifuata pesa hiyo alikuwa na sababu, ijapokuwa wengi wao wamejifunza kwa uchungu jinsi kaunti zinavyochelewa kulipa. Anayetegemea mteja mmoja wa serikali anaweza kufilisika akiwa na mikataba mizuri kabatini.

Wanaofaulu, kwa maoni yangu, ni wale ambao mali ghafi au mteja wao alikuwa Bonde la Ufa tangu mwanzo. Viazi vinatoka Molo na Mau Narok, maziwa yako pande zote, maua yako Naivasha, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro na watafiti wake wa kilimo. Anayesindika chakula, anayeuza mbegu au anayetengeneza mashine za shambani hana sababu ya kulipa kodi ya godauni la Nairobi ili bidhaa isafiri mara mbili. Umeme nao uko jirani: mvuke wa Olkaria, na tangu 2023 kituo cha kwanza cha kuzalisha umeme Menengai, juu kidogo ya mji. Kundi la pili ni wale ambao kazi yao hupita kwenye intaneti. Mwaka 2020, Nairobi ilipofungwa kwa sababu ya korona, kampuni nyingi ziligundua kuwa kazi inaweza kufanyika mbali na ofisi. Marekani, mji wa Tulsa umekuwa ukiwapa dola 10,000 wafanyakazi wa mtandaoni wanaokubali kuhamia huko, mpango ulioanza 2018. Kaunti zetu hazihitaji kugawa pesa. Intaneti isiyokatika na leseni inayopatikana bila kuzungushwa zingetosha kuwavuta wengi.

Gharama ndogo pekee hazimkingi mtu. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru mwaka 2014, ikishindwa na betri za bei nafuu kutoka nje, na wafanyakazi wake hawakuwa na viwanda vingine vingi vya kubishia hodi. Nairobi, anayepoteza kazi Industrial Area anaweza kutembea hadi geti linalofuata. Katika mji wa kadiri, kufungwa kwa mwajiri mmoja hutikisa mitaa mizima, na wenye nyumba na maduka ya mitaa hiyo huumia pamoja na wafanyakazi.

Anayenunua ploti achunguze ardhi na maji kabla ya bei. Mgao wa maji unajulikana Nairobi, jiji linalotegemea sana bwawa la Ndakaini, lakini visima vya Nakuru vina floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, na Ziwa Nakuru limepanda katika miaka ya karibuni hadi kufukuza familia kwenye nyumba zao mtaa wa Mwariki. Mji pia umekaa juu ya nyufa za Bonde la Ufa. Na kuna jambo ambalo madalali hawalitaji: Nakuru iliumia vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008, na wapo wafanyabiashara ambao bado hupunguza bidhaa dukani uchaguzi unapokaribia. Kura nyingine ni 2027.

Imebaki barabara. Msongamano wa Gilgil na Kikopey wakati wa sikukuu umewalaza watu ndani ya magari. Mkataba wa mwaka 2020 na kampuni za Ufaransa wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulivunjwa, na Novemba 2025 Rais Ruto alizindua ujenzi upya, safari hii kwa kampuni za China na fedha za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Itakuwa barabara ya kulipia. Kwa anayelazimika kuonana na wateja Westlands mara mbili kwa wiki, ada hiyo ni sehemu ya kodi yake ya nyumba, na aiandike hivyo. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru hesabu ni ngumu zaidi, maana lori litakalompelekea saruji na nondo kwa haraka litampelekea pia mteja wake bei za Nairobi, na fundi aliyezoea kununua kwake anaweza kuagiza moja kwa moja kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, na kupokea mzigo jioni ileile.