Gobore
Gobore (pia: gobori; wingi: magobore) ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kwa wakulima na wawindaji wengi wa vijijini nchini Tanzania ndiyo iliyokuwa bunduki ya kwanza.

Matumizi
Mpigaji humimina baruti mtutuni, hufuatisha kitambaa na gololi au marisau, kisha hushindilia kwa mdeki. Baruti huwashwa kwa cheche za jiwe la gumegume au kwa fataki. Kwa anayeanza, gobore huonekana rahisi, lakini kipimo cha baruti hutegemea mkono wake: ikizidi, mtutu dhaifu, kama ule uliotengenezwa kwa bomba la kawaida, unaweza kupasuka na kumjeruhi.

Historia
Gobore halikuenea kwa ubora wake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo Waafrika waliachiwa silaha iliyokwisha kupitwa na wakati.

Sheria
Leo bunduki nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mkulima wa Kidete, kata ya Wilaya ya Kilosa, anahitaji leseni hata kama gobore ni la kulinda shamba tu. Leseni hiyo haimruhusu kuwinda; uwindaji una kibali chake, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi umepigwa marufuku.