Laptopu Ikiharibika Ndani ya Dhamana: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Siku hizi, karafuu zikisha kuuzwa na fedha kupokewa, moja katika vitu ambavyo wanachama wengi huwanunulia watoto wao ni laptopu, yaani kompyuta ile ya kufunuliwa na kufunikwa kama kitabu. Si kitu cha anasa tena. Mwalimu hutungia mitihani, mwanafunzi wa chuo huandikia kazi zake, na makarani wa matawi huwekea hesabu za magunia. Lakini bei yake si ndogo, na mashine yenyewe yaweza kuharibika kabla mwaka haujatimia, hali dhamana yake, au waranti kama wanavyosema madukani, ingali hai. Hapo wengi hudhani shida imekwisha, maana karatasi wanayo. Kumbe ndiyo kwanza yaanza, kwa kuwa karatasi haisemi lililo bora kwako: kutengenezewa ile ile, au kupewa nyingine.

Twapenda kuwaeleza habari ya mashine moja iliyonunuliwa mjini Unguja ikaenda kukaa Ulemo, kwa sababu ndani yake mna karibu mambo yote yampasayo mtu kuyafikiri.

Ulemo ni kata katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, huko Bara, nchi ya Wanyiramba. Hapana mkarafuu wala bahari. Kuna alizeti na mtama, na wakati wa kiangazi vumbi jingi. Kutoka huko mpaka Dar es Salaam ni safari ya kutwa nzima kwa basi, isipokuwa mtu ashuke Dodoma apande treni ya umeme iliyoanza kufika hapo mwaka 2024. Kisha ndipo avuke maji kuja kwetu. Huko ndiko alikoolewa binti wa mwanachama wetu mmoja, naye anasomesha skuli ya sekondari. Baba yake alimnunulia laptopu mpya kwa fedha za karafuu, yenye dhamana ya mwaka mmoja, akapewa risiti. Jina la duka hatulitaji, wala la kiwanda.

Mwezi wa nane mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Ikiwashwa hufanya kazi nusu saa, ikapata moto, ikazimika, na alama za wanafunzi wa kidato cha nne alizokuwa akiziandika zikapotea zile za mwisho. Fundi mmoja wa huko alijitolea kuifungua kwa bei nafuu. Bibi huyu akakataa, na twaona alifanya vyema kabisa, kwani mashine iliyofunguliwa na mkono usioruhusiwa humpa muuzaji sababu nyepesi ya kusema, "Dhamana imevunjika." Fundi wa mtaani ana kazi yake, na wengi ni hodari, lakini kazi yake huanza dhamana ikisha kufa.

Akapiga simu dukani, akaambiwa, "Ilete." Ikapakiwa basi, ikaja Dar es Salaam, ikavuka, ikafika dukani. Baada ya wiki tano ikarudi Ulemo imetiwa feni mpya. Ikatumika vizuri wiki sita, kisha ikazimika vile vile. Kufika hapo dhamana ilibakiwa na mwezi mmoja tu, na mitihani ilikuwa karibu.

Mwenye duka sasa akatoa njia mbili. Ya kwanza, aagize ubao mkuu wa ndani, ule ambao mafundi huuita madabodi, nao ungechukua muda kufika. Ya pili, atoe siku hiyo hiyo laptopu nyingine ya kiwanda kingine, iliyokwisha kutumika ikasafishwa na kukarabatiwa. Baba mtu akapendelea ya pili. Akamwambia bintiye kwa simu, "Mwanangu, hiyo mbovu warudishie, uchukue nyingine upumzike." Binti akajibu, "Baba, hiyo nyingine nayo imekwisha kutumika na mtu. Ya kwangu angalau najua inaumwa wapi."

Tuseme kweli, wazee wengi wangesema kama baba huyu. Neno "kubadilishiwa" lina utamu. Lakini yafaa kwanza tuulize mambo mawili matatu.

La kwanza ni nani mwenye haki ya kuchagua. Katika karatasi nyingi za dhamana za viwanda, mwenye kuchagua si mnunuzi. Kiwanda cha Apple, mathalan, huandika wazi ya kwamba wao ndio watakaoamua kutengeneza, kubadilisha au kurudisha fedha. Tena huandika ya kwamba kilichobadilishwa hupata muda uliobaki wa dhamana ya kwanza, au siku 90, utazamwe ule ulio mrefu zaidi. Maana yake, mtu akipewa mashine nyingine asidhani mwaka umeanza upya. Wala asidhani ni lazima iwe mpya. Huko Marekani wateja waliishtaki Apple kwa sababu simu na tableti walizopewa badala ya zile mbovu zilikuwa zimekarabatiwa. Mwaka 2022 shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano ya kulipa dola milioni 95. Kwa hiyo ukiambiwa "tutakubadilishia", uliza papo hapo: mpya au ya kukarabatiwa, na dhamana yake ni ya muda gani? Majibu yaandikwe.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, mnunuzi ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kupewa fedha zake. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana mnunuzi aweza kudai fedha. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024, ambayo nchi wanachama zilipewa mpaka tarehe 31 Julai 2026 kuanza kuitumia, ya kwamba mnunuzi akichagua kutengenezewa badala ya kubadilishiwa, dhamana ya muuzaji yaongezwa miezi 12. Hiyo ni akili njema, maana mwenye kukubali matengenezo halipwi hasara kwa subira yake. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini hapana kinachomkataza mtu kumwomba mwenye duka aandike nyongeza ya miezi mitatu baada ya matengenezo. Wengine hukubali.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kujua kama ubovu ni wa mashine hiyo moja au ni wa aina nzima. Mkulima wa karafuu halihitaji kufafanuliwa sana. Tawi likikauka kwa kuvunjika hulikata, mti ukaishi. Lakini ugonjwa ukiwa umo mizizini, kukata tawi ni kupoteza siku.

Tazama mambo yaliyokwisha kutokea. Tangu mwaka 2015 Apple walitengeneza laptopu zenye kibodi nyembamba mno, ambazo vumbi kidogo tu liliweza kuifanya herufi isiandike au ijiandike mara mbili. Mwaka 2018 wakatangaza kuzitengeneza bure kwa miaka minne tangu siku ya kununua. Malalamiko hayakwisha, kwa kuwa wateja walisema kibodi waliyotiwa ilikuwa ya namna ile ile, nayo ikaharibika vile vile. Shauri lake lilimalizwa mwaka 2022 kwa mapatano ya dola milioni 50. Mtu wa mahali penye vumbi kama Ulemo, akiwa na mashine ya namna hiyo, afadhali abadilishiwe apewe ya toleo jingine, hata akisubiri.

Na Julai 2008 kampuni ya Nvidia, watengenezaji wa kile kipande cha picha kilicho ndani ya kompyuta, ilitangaza kutenga baina ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya vipande vilivyokuwa vikiharibika ndani ya laptopu kuliko kawaida, vikichoshwa na moto na baridi kwa kupokezana. HP na Dell wakaongeza muda wa dhamana kwa matoleo yaliyohusika. Basi hata aliyeona tarehe yake imepita, asikate tamaa kabla ya kuuliza kama toleo lake limepata nyongeza ya jinsi hiyo.

Turudi kwa binti wa Ulemo. Alishauriwa na mwalimu mwenziwe awaulize mafundi walioruhusiwa na kiwanda, ambao wako Dar es Salaam, kwa kuwapa namba ya mashine iliyoandikwa chini yake. Hapo mambo mawili yakadhihirika. Moja, kiwanda kilikuwa na dhamana yake mbali na ile ya duka, nayo yaweza kudaiwa kwa mafundi hao bila mashine kuvuka bahari. La pili lilikuwa baya: daftari la kiwanda lilionyesha dhamana imekwisha zamani. Sababu ni kwamba viwanda vingi huhesabu tangu mashine ilipotoka kwao, mpaka mnunuzi aonyeshe risiti. Baba akaipiga picha risiti, ikatumwa, tarehe ikasahihishwa. Lau risiti ingalitupwa, habari hii ingaliishia hapa.

Mafundi wakaitazama, wakasema feni ya kwanza haikuwa na kosa. Ubovu ulikuwa katika madabodi, nao si ugonjwa wa toleo lile. Hapa twamwunga mkono binti moja kwa moja. Ni kweli ya kwamba mashine ikirudia ubovu ule ule baada ya kutengenezwa, yafaa mtu adai nyingine. Wala asikubali mara ya tatu. Lakini hii haikuwa imeponywa ikaugua tena, bali ilipewa dawa isiyo yake. Ubao mpya kutoka kiwandani, uliotiwa na mafundi wa kiwanda, ulikuwa bora kuliko laptopu ya mtu asiyejulikana, isiyokuwa na dhamana ya kiwanda nyuma yake. Tena Dar es Salaam ni karibu na Ulemo kuliko Unguja. Alikaa wiki tatu bila ya mashine, akiazima ya ofisi ya skuli jioni, na alama zikapelekwa kwa wakati. Mpaka tunapoandika haijazimika tena.

Lingekuwa shauri jingine kama mwenye duka angetoa mpya ya toleo lile lile, au kama mafundi wa kiwanda wasingelikuwako karibu. Hapo hata sisi tungalisema, "Chukua mpya."

Yako mambo madogo ambayo wenzetu husahau. Kabla mashine haijaondoka mkononi mwako, nakili kazi zako zote katika flashi au diski ya nje, kisha ondoa nywila zako. Ikibadilishwa, diski ya zamani huenda na mashine ya zamani, na hapana dhamana inayolipa kazi iliyopotea. Binti huyu alinakili kabla ya kila safari. Andika pia tarehe ya kulalamika, kwa ujumbe au barua, wala si kwa simu ya mdomo peke yake, kwa sababu lalamiko lililotolewa ndani ya muda ni tofauti na mashine iliyofika nje ya muda. Na anayevuka na mashine baina ya Unguja na Bara awe na risiti, watu wa forodha wanaweza kumwuliza.

Kwa sisi tunaokaa visiwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi na unyevu. Kutu ya ndani na maji yaliyomwagika huwa hayamo katika dhamana. Laptopu isiwekwe ghalani penye karafuu zinazongojea kukauka.

Muuzaji akikataa kabisa, malalamiko yapelekwe mahali panapohusika. Kilichonunuliwa Bara huangaliwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ni ya Tanzania Bara. Kilichonunuliwa Unguja au Pemba kina tume yake ya Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 2018. Kwa hiyo hata mtu akiwa Ulemo, ikiwa alinunua Unguja, barua yake ije Unguja. Baba au ndugu aliyeko hapa aweza kumpelekea, pamoja na nakala ya risiti na majibu ya muuzaji.

Na betri ikivimba, hapo hapana shauri la kuchagua. Mwaka 2006 Dell waliziita kwao betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa kuwa ziliweza kushika moto. Mashine ya namna hiyo izimwe, isitiwe chaja, isipakiwe basini wala botini. Pigeni simu kwanza kwa muuzaji au kwa mafundi wa kiwanda waseme itachukuliwaje.