"Siwezi" na "Sijambo": Jinsi Watu wa Buha Waipimavyo Afya Yao

Katika Kiswahili cha pwani mgonjwa husema "siwezi". Neno hili halitaji homa wala maumivu; lataja nguvu zilizopungua. Yafaa alikumbuke kila achunguzaye afya ya watu kwa kuwauliza wenyewe, hasa katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, ambako Kiha ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya ofisi na zahanati.

Kwa miaka mingi Waha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani ya Tanga. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na idara yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU. Kipande cha manamba kilihesabu siku 30 za kazi iliyotimizwa. Siku ya ugonjwa haikutiwa alama. Kwa mtu huyo, kujiita mgonjwa kulikuwa na gharama.

Hali hiyo yafanana na ya mkulima wa leo. Aishiye kwa jembe, akiamka na kikohozi na bado aweza kulima, atasema yu mzima. Mwenye mshahara na likizo ya ugonjwa, kwa kikohozi hicho hicho, atasema hawezi. Wa kwanza hakudanganya. Ametumia kipimo kingine.

Mwaka 2002 Amartya Sen alionyesha jambo hili kwa mfano wa Bara Hindi. Watu wa Kerala, walioishi maisha marefu na waliosoma zaidi, walitaja maradhi mengi kuliko watu wa Bihar, ambao maisha yao yalikuwa mafupi. Ajuaye jina la ugonjwa, tena akiwa karibu na tabibu, huutambua upesi.

Basi, dawa zikigawiwa kwa kufuata majibu matupu, wilaya maskini itaonekana ina afya njema, na dawa zitapelekwa kwingine.

Swali la "hujambo?" halifai kitu hapa, kwani jibu lake limekwisha wekwa na adabu: hata mgonjwa husema "sijambo" kwanza, ndipo aongezapo "ila". Aulizaye hana budi kutaja mambo yenyewe: homa, kikohozi, jeraha, na siku alizolala mtu bila ya kwenda shamba. Na pale ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani, aulize kwa Kiha.