Utambuzi wa Chanzo cha Hitilafu katika Programu za Windows Zinazotumia Vijenzi: Ufafanuzi kwa Kufuata Hatua za Maisha ya Kijenzi

1.0 Utangulizi

Programu nyingi zinazotumika katika kompyuta za mezani zenye mfumo endeshi wa Windows si kazi ya mkono mmoja. Programu ya kutunza hesabu za bohari, kwa mfano, huweza kuwa na madirisha yaliyoandikwa na mwanaprogramu mmoja, ilhali usomaji wa hifadhidata, uchapaji wa ripoti na uandaaji wa majedwali hufanywa na vijenzi vilivyoandikwa na watu wengine, katika miaka mingine na kwa lugha nyingine za programu. Mpangilio huo huokoa kazi kubwa. Hata hivyo, una matokeo yasiyoepukika: hitilafu inapotokea, ujumbe wa kwenye skrini huonesha mahali hitilafu ilipojitokeza, na mara nyingi si mahali ilipoanzia.

Hali hiyo ina gharama. Fundi asiyekijua chanzo huishia kujaribu tiba alizozizoea: kusakinisha upya programu, kusakinisha upya Windows yenyewe, au kumpa kila mtumiaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Tiba ya kwanza hupoteza siku ya kazi. Ya pili huweza kupoteza data ambazo hazikuhifadhiwa kando. Ya tatu huondoa kinga ya mfumo mzima, kwa kuwa programu haribifu inayoingia kupitia kwa mtumiaji huyo huyapata mamlaka hayo hayo. Katika hali zote tatu, tatizo linaweza kutoweka kwa siku kadhaa huku chanzo chake kikibaki palepale.

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua chanzo cha hitilafu za aina hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba kila kijenzi hupitia hatua tano katika maisha yake ndani ya programu, yaani kutafutwa, kupakiwa, kuundwa, kuitwa na kuachiliwa, na kwamba kila hatua ina makosa yake ya kawaida. Mchunguzi anayetambua kwanza hatua iliyokwama hupunguza uwanja wa uchunguzi kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo.

2.0 Kijenzi na Mkataba Wake

Mfumo wa vijenzi unaozungumziwa hapa ni COM, ambao kampuni ya Microsoft iliutoa mwaka 1993. Chini ya mfumo huu, programu haigusi data za ndani za kijenzi. Huwasiliana nacho kupitia kiolesura, yaani orodha ya kazi ambazo kijenzi kimeahidi kuzifanya. Kila aina ya kijenzi na kila kiolesura hutambuliwa kwa namba ya biti 128. Vilevile, kila kiolesura hurithi kazi tatu za msingi kutoka IUnknown: QueryInterface, inayouliza iwapo kijenzi kina kiolesura fulani, AddRef, inayoongeza hesabu ya wanaokitumia, na Release, inayoipunguza hesabu hiyo.

Kiolesura ni mkataba ulioandikwa. Pamoja nao upo mkataba mwingine usioonekana katika kiolesura: kijenzi kimesajiliwa wapi, kiliandaliwa kwa biti 32 au 64, kinategemea faili zipi, kinahitaji ruhusa gani, na kinaweza kuitwa kutoka uzi upi wa utekelezaji. Sehemu kubwa ya mkataba ulioandikwa hukaguliwa na kompaila. Usioandikwa hukaguliwa na kompyuta ya mtumiaji, siku programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi vizuri katika kompyuta ya mwanaprogramu hukwama katika kompyuta ya ofisini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3.0 Kusoma Namba ya Hitilafu

Kabla ya kuzieleza hatua zenyewe, ni muhimu kueleza namna ya kusoma namba inayoambatana na ujumbe wa hitilafu. COM hurejesha matokeo kwa namba ya biti 32 iitwayo HRESULT, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu nane za mfumo wa kumi na sita. Biti ya juu kabisa huonesha iwapo kazi imefaulu au imeshindikana. Kwa sababu hiyo, namba nyingi za hitilafu huanza na 8. Biti zinazofuata hutaja eneo la mfumo lililotoa taarifa, na tarakimu nne za mwisho hutaja hitilafu yenyewe.

Chukua namba 0x80070005. Tarakimu ya 8 inasema kazi imeshindikana. Tarakimu ya 7 inasema hitilafu imetoka katika Windows yenyewe na kupitishwa tu na COM. Tarakimu ya 5 ni namba ya Windows yenye maana ya kunyimwa ruhusa. Kwa njia hiyo hiyo, 0x8007007E hubeba 7E, ambayo katika mfumo wa kumi ni 126, yaani moduli haikupatikana. Amri ya net helpmsg ikifuatiwa na 126 katika dirisha la amri hutoa maelezo hayo bila kuhitaji intaneti. Mtumiaji anayenakili namba kamili humsaidia fundi zaidi kuliko anayesema tu kwamba programu imegoma.

4.0 Hatua Tano na Makosa Yake

4.1 Kutafutwa

Programu inapohitaji kijenzi, Windows hutafuta namba yake katika rejista ya mfumo ili kujua faili yake iko wapi. Isipopatikana, namba inayorejeshwa ni 0x80040154, yaani aina hiyo ya kijenzi haijasajiliwa. Tafsiri ya haraka ni kwamba usajili haukufanyika, na tiba ya haraka ni kuendesha regsvr32. Mara nyingi, hata hivyo, usajili upo, ila upo upande ambao programu haiutazami.

Windows ya biti 64 huweka usajili wa vijenzi vya biti 32 kando, chini ya tawi liitwalo WOW6432Node. Aidha, mchakato wa biti 64 hauwezi kupakia ndani yake maktaba ya DLL ya biti 32, wala kinyume chake. Majina ya folda huongeza mkanganyiko: System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye faili za biti 32. Kila folda ina regsvr32 yake.

Mfano mzuri ni kijenzi cha Jet, Microsoft.Jet.OLEDB.4.0, kilichotumika kwa miaka mingi kusoma faili za Access zenye kiambishi mdb. Kijenzi hiki kipo kwa biti 32 pekee. Matoleo ya Visual Studio yaliyotangulia lile la 2022 yalikuwa programu za biti 32. Kwa hiyo jaribio la kuunganisha hifadhidata ndani ya Visual Studio lilifaulu, kisha programu yenyewe ikiendeshwa kwa biti 64 ililalamika kwamba kijenzi hakijasajiliwa. Kukisajili tena hakusaidii lolote. Tiba ni kuiandaa programu kwa biti 32, au kutumia injini mpya ya Access yenye toleo la biti 64.

4.2 Kupakiwa

Usajili ukipatikana, Windows hupakia faili iliyotajwa. Hapa makosa makuu ni mawili. La kwanza ni 0x8007007E, moduli haikupatikana. Ujumbe wake hupotosha kwa sababu huitaja maktaba iliyoombwa, ilhali inayokosekana inaweza kuwa nyingine ambayo hiyo ya kwanza inaitegemea, kama vile maktaba za utekelezaji za Visual C++. La pili ni 0x800700C1, lenye namba 193 ya Windows, ambalo huashiria faili iliyoharibika au tofauti ya biti iliyoelezwa hapo juu.

Zana inayofaa ni Process Monitor ya Sysinternals, ambayo huorodhesha kila faili na kila tawi la rejista linaloguswa na programu. Mchunguzi asitishike akiona mistari mingi ya NAME NOT FOUND. Windows hutafuta maktaba katika folda kadhaa kwa zamu, hivyo kukosa katika folda ya kwanza ni jambo la kawaida. Kinachotafutwa ni jina la faili lililokosekana katika folda zote, bila mstari wowote wa mafanikio kufuata.

4.3 Kuundwa

Faili ikishapakiwa, nakala ya kijenzi huundwa kwa matumizi. Uzi ambao haujaandaliwa kwa CoInitializeEx hupata 0x800401F0. Hitilafu hii hutokea hasa mwanaprogramu anapohamishia kazi kwenye uzi mpya akidhani maandalizi ya uzi wa kwanza yanatosha. Maandalizi hufanywa kwa kila uzi.

Ruhusa nazo hujitokeza hapa. Tangu Windows Vista, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika katika folda ya Program Files wala katika tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE la rejista. Programu za zamani za biti 32 zilizozoea kuandika humo hazikatazwi waziwazi: Windows huyahamishia maandishi yao kimya kimya katika folda ya VirtualStore ya mtumiaji husika. Matokeo yake ni kwamba wafanyakazi wawili wanaotumia kompyuta moja kwa majina tofauti huona data tofauti, na kila mmoja huamini kwamba mwenzake amefuta kazi yake. Hakuna namba ya hitilafu inayotolewa. Kabla ya kumlaumu yeyote kwa upotevu wa kumbukumbu, folda hiyo ikaguliwe. Tiba ya kudumu ni kuhifadhi data za pamoja mahali panaporuhusiwa, kwa mfano katika folda ya ProgramData iliyopewa ruhusa mahususi, na si kumfanya kila mtumiaji kuwa msimamizi.

4.4 Kuitwa

Kijenzi kikishaundwa huwa na makao, yaani kundi la nyuzi zinazoruhusiwa kukiita moja kwa moja. Katika makao ya uzi mmoja, uzi uliokiunda ndio pekee wenye ruhusa hiyo. Katika makao ya nyuzi nyingi, kijenzi chenyewe hujilinda dhidi ya miito ya wakati mmoja. Kielekezi cha kiolesura kikipelekwa kwenye uzi wa makao mengine bila utaratibu, huweza kurejeshwa 0x8001010E, yaani uzi usiostahili. Tiba ni kukipitisha kielekezi kwa njia zilizowekwa na COM, ikiwamo jedwali la pamoja la violesura.

Makao ya uzi mmoja yana sharti jingine: uzi wake lazima uendelee kuisoma foleni yake ya ujumbe. Uzi wa dirisha ukishughulishwa na hesabu ndefu au ukisubiri mtandao, haumsikilizi mtumiaji, wala haupokei miito inayotoka nyuzi nyingine. Usipoisoma foleni kwa sekunde 5, Windows hulihesabu dirisha kuwa halijibu. Mtumiaji anayelifunga dirisha hilo kwa nguvu huweza kukatiza uandishi wa data katikati. Kazi ndefu, kwa hiyo, huhamishiwa kwenye uzi mwingine, na matokeo yake hurudishwa kwenye uzi wa dirisha ili yaoneshwe.

4.5 Kuachiliwa

Kijenzi hubaki hai hadi hesabu ya wanaokitumia ifike sifuri. Release ikipungua, kijenzi hakiondoki. Mfano unaofahamika ni Excel inayoendeshwa na programu nyingine: dirisha limefungwa, lakini mchakato wake ungali katika orodha ya Task Manager, na faili huendelea kuwa imefungwa kwa watumiaji wengine. Katika lugha za .NET, kielekezi hubebwa na kitu kinachosubiri kukusanywa na mfumo kwa wakati wake, hivyo kuondoka kwa Excel huchelewa hata pale msimbo unapoonekana kuwa sahihi.

Release ikizidi, kijenzi huondolewa huku wengine wakikihitaji, na programu huanguka kwa 0xC0000005, yaani kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Anguko hilo huweza kutokea mbali na mstari wenye kosa. Kanuni kama hiyo hutawala vitu vya uchoraji vya GDI: kikomo cha kawaida ni 10,000 kwa kila mchakato. Programu isiyoachilia kalamu na fonti zake hufanya kazi vizuri asubuhi, kisha mchana madirisha yake huanza kukosa maandishi. Safu ya vitu vya GDI katika Task Manager ikipanda kila dirisha linapofunguliwa na isishuke linapofungwa, chanzo kimejulikana.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na ufafanuzi huo, uchunguzi ufuate mpangilio wa hatua zenyewe. Kwanza, namba kamili ya hitilafu inakiliwe na kusomwa. Pili, ithibitishwe kama programu na kijenzi vina biti sawa. Tatu, jaribio lifanyike kwa jina la mtumiaji wa kawaida, kwa kuwa jaribio la msimamizi huficha makosa ya ruhusa. Nne, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, kwani mambo mawili yakibadilishwa pamoja, tiba haitajulikana hata ikipatikana. Kwa upande wa kinga, tangu Windows XP, mwaka 2001, programu inaweza kubeba vijenzi vyake katika folda yake na kuvitaja katika faili ya maelezo bila kuvisajili katika rejista. Njia hiyo huepusha programu moja kuharibu usajili wa nyingine.

6.0 Hitimisho

Utaratibu huu una mipaka. Hautambui kosa la mantiki, kama vile fomula isiyo sahihi ya kukokotoa mshahara, kwa sababu kijenzi chenye kosa hilo hutimiza hatua zote tano bila kukwama. Ndani ya mipaka hiyo, unatenganisha maswali mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: kosa limeonekana wapi, na mkataba umevunjwa wapi. Swali la kwanza hujibiwa na ujumbe wa kwenye skrini. La pili huhitaji kujua hatua iliyofikiwa na kijenzi, na jibu lake ndilo linaloamua kama kompyuta inahitaji kusakinishwa upya, au inahitaji tu faili moja iliyokosekana.