Ndoo Nyeusi ni Rahisi, ila kwa Kazi Gani?

Sokoni utazikuta safu mbili: ndoo za rangi zinazong'aa, na pembeni zile nyeusi za bei ya chini. Muuzaji atakwambia zote ni plastiki tu. Yangu nyeusi ilipasuka sikioni, pale waya wa mpini unaposhika. Maji hayakufika hata nusu, nami nikabaki na waya mkononi.

Plastiki ni minyororo mirefu mno iliyosokotana, na urefu huo ndio ushupavu wake. Ndoo nyingi ni za polipropilini, ambayo huanza kuyeyuka joto likipita nyuzi 160, na mashinani hupashwa zaidi ya 200. Zile nyeusi kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki chakavu, na kila inaposagwa, kuyeyushwa na kusukumwa upya, minyororo hukatika. Mingine ilishakatwa na jua uani. Kinachobaki hutiririka upesi kikiwa moto na kuvunjika upesi kikipoa. Tena mara nyingi ni mseto wa vifuniko vya chupa, beseni bovu na vipande vya dumu, na polithini haishikani vizuri na polipropilini. Weusi hufunika yote hayo. (Si kila cheusi ni chakavu, lakini. Matangi ya maji hutiwa masizi ya kaboni ili yahimili jua.)

Tupige hesabu. Tuseme nyeusi ni shilingi 3,000 na ya rangi 7,000. Nyeusi ikidumu miezi 5, umelipa 600 kwa mwezi. Ya rangi ikifika miaka 2, haizidi 300. Kwa fundi wa zege hesabu hiyo haina maana, maana saruji itaiua ndoo yoyote; achukue nyeusi. Hata ya takataka, sawa. Maji ya kunywa na unga siweki humo, kwani sijui plastiki ile ilibeba nini kabla: rangi, dawa ya wadudu au oili chafu.

Lipo chaguo la tatu ambalo mama zetu walilijua zamani: dumu la lita 20 lililokuja na mafuta ya kula. Hilo halikuyeyushwa tena, limeoshwa tu, na sabuni haikati mnyororo. Kwa kuchota maji nalipendelea kuliko ndoo zote mbili, mradi nimelinusa ndani kwanza.

Ukiamua nyeusi, kabla ya kulipa bonyeza sikio la ndoo kwa kidole gumba. Likilia, irudishe.