Mbina: Ngoma Ambayo Hakimu Wake Ni Mshabiki

Kuanzia Juni, mazao yakishatoka shambani, maneno ya vijiweni Isaka hubadilika. Pembeni ya bandari kavu, mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi inapotoka kwenye treni kuingia malorini, watu hawabishani Simba na Yanga peke yake. Wanabishana pia nani atamkimbiza nani kwenye mbina.

Wasukuma wana ngoma nyingi. Kuna bugobogobo ya majembe, kuna bugoyangi ya wacheza na nyoka. Ushabiki mkali lakini uko kwa Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo simulizi huvirudisha karne ya 19, kwa mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hucheza siku moja, uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja na duara lake. Majaji hakuna. Mshindi ni aliyezungukwa na umati mkubwa. Ukichoshwa huku unavuka kwenda kule, na kuvuka kwako ndiyo kura.

Hapo ndipo utamu ulipo. Manju hawezi kuja na wimbo aliokariri mwanzo hadi mwisho akategemea kupona. Akiona watu wa nyuma wanaanza kugeuza shingo, anaupindisha palepale: anamtupia mwenzake kijembe kipya, anarefusha kiitikio, anawapa ishara wapiga ngoma wapandishe. Ikishindikana, hutolewa chatu, au sanamu la mti lenye mikono inayochezeshwa, au kituko chochote kitakachowarudisha watu. Wapo wanaosema kazi yote hufanywa na samba, dawa ya kuvuta umati. Ubishi huo siuingilii, ila naona hata wenye samba hufanya mazoezi msimu mzima.

Ndiyo maana mashabiki wakongwe hawasifu wimbo, wanasifu siku. Watakwambia jua lilikuwa wapi duara la upande wa pili lilipoanza kumeguka, na ni kijembe gani kililimegua. Wimbo huohuo, wiki iliyofuata, huenda haukumtoa mtu hata hatua moja.

Marekani waliishi watu wa namna hii. Grateful Dead, bendi iliyopiga kuanzia 1965 hadi 1995, haikurudia onyesho, na mashabiki waliruhusiwa kurekodi. 1984 walitengewa hata sehemu yao ukumbini. Onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell la Mei 8, 1977 linabishaniwa mpaka leo. Wa Isaka angekaa nao vizuri tu, ila angeshangaa: mbona bendi ilikuwa peke yake?

Kurekodi kwenyewe, kwa mbina, kuna kasoro. Simu husimama kwenye duara moja. Inaonyesha manju akitoa jasho, vumbi likipanda, watu wakimtuza noti. Haionyeshi ni wangapi wameshahamia kwa hasimu wake. Aliyeshinda humjui.

Siku hizi waimbaji wengi wa Kisukuma hupanda jukwaani na kinanda na spika kubwa, kiingilio kikitozwa mlangoni. Muziki unanoga, sikatai, nami nimeucheza. Lakini aliyekwisha kulipa hahamii kokote hata mwimbaji akichoka, na mwimbaji analijua hilo.